Ukiingia darasa langu la kemia

Njoo na daftari, kikokotoo na kalamu ya wino. Penseli ni ya michoro tu. Matokeo ya jaribio yanaandikwa kwa wino papo hapo. Ukikosea, piga mstari mmoja juu yake na uandike jipya pembeni. Usifute. Nataka kuona ulichosoma kwanza kwenye bureti, ule mrija wenye alama za kupimia kimiminika, maana wakati mwingine ndicho kilichokuwa sahihi.

Maabara ina masharti yasiyojadiliwa. Miwani ya kinga haivuliwi mpaka niseme, hata kama wewe umemaliza: jirani yako bado anachemsha. Nywele ndefu zifungwe, viatu vifunike vidole, chakula kibaki nje. Pipeti, mrija mwembamba wa kuvutia na kupimia kimiminika, hainyonywi kwa mdomo. Ukizimua asidi kali, mimina asidi kwenye maji, polepole huku ukikoroga. Ukigeuza, joto linalotoka linaweza kuchemsha maji ghafla na kukurushia asidi usoni. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15, mwenzako aniite. Ukivunja chombo, niambie tu. Sigombi kwa sababu ya kioo. Namgombeza anayeficha vigae kwenye pipa la karatasi.

Kazi iliyochelewa siku moja naipokea, kwa alama pungufu. Jibu la "24.5" bila kizio silisahihishi: ni gramu au sentimita za ujazo? Data za kikundi ni zenu nyote, lakini ripoti kila mtu aandike yake. Umekwama kwenye moli, kile kizio cha kiasi cha dutu? Njoo kabla ya mtihani, na ulete ulichojaribu, hata kama ni nusu mstari.