Jinsi ya kusoma rekodi ya farasi dume bila kulewa vikombe

Juzi hapa Kizota jamaa katuonyesha kwenye simu farasi wa Uingereza anaitwa Frankel, kakimbia mbio 14 kashinda zote 14, akaapa ukipata dume kama huyo umemaliza kazi. Nikamwambia taratibu babu, farasi wa mbio ana madaftari mawili, la uwanjani na la zizini, nyie mnasoma la kwanza tu.

La uwanjani halina shida. Ukikuta 31-121, kila namba ni nafasi aliyomaliza, ya mwisho kulia ndo mbio ya karibuni, kistari kinatenganisha miaka, na 0 maana yake alikuwa wa kumi au nyuma zaidi. Ila usihesabu ushindi tu, angalia kashinda wapi, maana Daraja la Kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa ya mbio, ndo kuna wanaume, huko kwingine mtu anaweza kuwa bingwa wa ndondo.

Zizini ndo kwenyewe. Anza na hili, usicheke: anazalisha? Cigar wa Marekani alishinda mbio 16 mfululizo, 1994 mpaka 1996, wakamstaafisha kwa mbwembwe wakampelekea majike zaidi ya 30, hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Mimi mwenyewe yashanikuta, sio farasi ni ng'ombe, dume nimelinunua mnadani Msalato lina nundu kama mlima, likapanda majike yangu saba na kila baada ya wiki tatu yanarudi kwenye joto yote, nakuja kumwita bwana mifugo analipapasa kende, moja kama ndimu. Siku ya kununua nilikuwa naangalia nundu tu!

Akishazalisha, usihesabu washindi, gawanya. Dume maarufu anapelekewa majike hata mia na zaidi kwa msimu (na anapanda mwenyewe, farasi wa damu hii ya mbio, Thoroughbred, mtoto wa uhimilishaji hasajiliwi), kwa hiyo watoto 20 wakishinda uliza walizaliwa wangapi. Halafu subiri. Mimba ni miezi 11 na mtoto anaanza kukimbia akiwa na miaka miwili: Frankel kaanza kupanda 2013, watoto wamezaliwa 2014, wamekimbia 2016. Anayekusifia dume wakati watoto bado wananyonya huyo anauza.

Na mabinti usiwasahau. Secretariat wa Marekani 1973 alishinda Belmont, mbio kubwa ya huko, kwa urefu wa farasi 31, watoto wake wa kiume hawakufika alipofika baba, ila mabinti zake ndo waliowazaa Storm Cat na A.P. Indy, na hao wote wakaja kuwa madume wakubwa wa mbegu.

Yule jamaa kwa Frankel kapatia, maana 2021 aliongoza madume wote wa Uingereza na Ayalandi kwa hela walizoshinda watoto wake, ila kapatia bila kufungua daftari la pili. Dume langu la Msalato lilishaenda machinjioni, kilo zilikuwa nzuri.