Kabla ya kuwazia bunduki, kagua mlango

Mwizi akipita mtaani, swali la kwanza ninaloletewa ni la silaha. Mmoja anauliza bunduki inapatikanaje, mwingine anataka hata kujiundia mwenyewe. Mimi ni fundi seremala, riziki yangu ni milango na madirisha, kwa hiyo humjibu kila mtu vilevile: nioneshe kwanza mlango wako. Kuunda bunduki bila kibali ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Hata ile ya halali inatakiwa ikae kabatini kwa kufuli, risasi zake mbali nayo, watoto wasiifikie. Sasa kama mlango unasalimu amri kwa teke moja, kabati hilo utalifungua saa ngapi?

Unachotafuta ni muda. Mlango ukigoma kufunguka kwa dakika chache, tena kwa kishindo, watu wa ndani wataamka, watapiga simu na kukusanyika chumba kimoja. Mwizi naye hapendi kusikika.

Fungua mlango wa mbele uangalie ubavu wa fremu, pale ulimi wa kitasa unapoingia. Mara nyingi utakuta kibati chembamba kilichoshikwa na skrubu mbili. Chomoa moja uipime. Ikiwa ni ya sentimita 2 hivi, jua imeshika ubao wa fremu tu, tena ukingoni, mahali ambapo ubao wenyewe umeshachimbwa kupisha ulimi. Nguvu yote ya teke inakwenda kuishia hapo. Nimeitwa kutengeneza milango iliyovunjwa ambayo kitasa chake bado kizima, ufunguo unazunguka vizuri kabisa, ila fremu imepasuka kuanzia kiunoni hadi chini. Mwenye nyumba kanunua kitasa cha bei mbaya, akakipa skrubu za kushikia picha.

Dawa yake haihitaji ufundi mkubwa. Tafuta kibati kirefu cha chuma, unene wa milimita 3 hivi, chenye matundu kadhaa ya skrubu kutoka juu hadi chini, ili nguvu igawanyike. Kisha tumia skrubu ndefu, inchi 3 au zaidi, zipenye fremu na kuuma ukuta wenyewe. Kwenye ukuta wa tofali au zege, toboa fremu kwa biti ya mbao, badilisha uweke biti ya zege uendelee ukutani, halafu sukumia plagi, kile kibomba cha plastiki kinachoshika skrubu, hadi iingie ukutani, isibaki ndani ya ubao. Usiruke hatua ya kutoboa. Mbao ngumu ukiilazimisha itapasuka, au itakata shingo ya skrubu nayo ibaki humo humo.

Hapa ndipo wanaoanza wanapojiharibia. Kati ya fremu na ukuta huwa kuna uwazi, na plasta imeuficha. Ukikaza skrubu ndefu bila kuuziba uwazi huo, fremu inavutwa kuelekea ukutani, inapinda, na nafasi kati yake na mlango inaongezeka. Ulimi wa kitasa uliokuwa unaingia vizuri sasa unagusa kwa ncha tu. Umetumia nguvu zako zote kuudhoofisha mlango. Chomeka kwanza vipande vyembamba vya mbao nyuma ya fremu, usawa wa kila skrubu, ndipo ukaze, tena kidogo kidogo, huku ukifunga na kufungua mlango kuona kama unagusa mahali. Ulimi uingie ndani ya fremu angalau sentimita 2.

Bawaba nazo zipewe skrubu ndefu, walau moja kila bawaba. Mlango unaofungukia nje una balaa lake: pini za bawaba ziko upande wa mgeni. Anazigonga, zinatoka, anaunyanyua mlango bila kugusa kitasa. Kama huna bawaba za pini isiyochomoka, toa skrubu mbili zinazotazamana, moja ya upande wa mlango na moja ya upande wa fremu. Upande mmoja weka skrubu nene, uiache imechomoza sentimita 1, kichwa umekikata. Tundu la upande wa pili lipanue liipokee. Mlango ukifungwa, kidole hicho cha chuma kinaingia tunduni, na hata pini zikitolewa mlango haubanduki.

Ubao wenyewe ugonge kwa vidole. Ukilia kama debe tupu, huo ni plaiwudi mbili zenye uwazi katikati, unafaa chumbani. Nje weka mbao nzima, unene wa milimita 40 kwenda juu. Kufuli chagua lenye kikombo, yaani kile chuma kilichopinda juu yake, kifupi na kinene, mkasi wa chuma ukose pa kuuma, na komeo lake lifungwe kwa boliti zilizopenya mlango mzima, nati zikiwa ndani.

Kuhusu grili za madirishani, sikubaliani na mafundi wanaochomelea kila dirisha likawa gereza. Moto ukiwaka jikoni na mlango uko upande huo huo, mtatokea wapi? Walau grili moja ya upande wa vyumba vya kulala iwe ya kufunguka kutoka ndani, na ufunguo wake utundikwe karibu, ila mbali kiasi kwamba mkono wa mtu aliye nje hauufikii.

Kazi ikiisha, zima taa zote usiku, kila mmoja ajaribu kutoka kwa mlango na kwa grili hiyo kwa kupapasa tu. Mtoto anayejua kushika ufunguo akishindwa, hamisha ufunguo ulipo au badilisha komeo, kisha mjaribu tena.