Umepona, lakini hospitali inakuzuia kwa sababu ya deni: fanya hivi

Familia za komuni za Kenya, Katuba na Ruashi, hapa Lubumbashi, huniita kwa jambo lile lile. Mama amejifungua kwa kupasuliwa, daktari amemruhusu, ila mlinzi getini anadai karatasi ya malipo. Mama anabaki. Anafua nepi kwenye bomba la uani na kulala kwenye mkeka, maana kitanda kimeshapewa mgonjwa mwingine. Deni ni la kweli na litalipwa. Kumfungia mtu ndani kwa ajili yake ndiko sheria ya Kongo inakokataa.

1. Dai fakture, yaani hati ya madai ya hospitali, yenye kila kitu na tarehe yake. Usikubali jumla peke yake. Kaa na kalamu, linganisha na daftari la mgonjwa: serumu ngapi, dawa zipi mlinunua wenyewe nje, siku ngapi za kitanda. Hapo kwenye siku ndipo pa kukazia macho. Niliwahi kushika fakture ya mama mmoja iliyohesabu kitanda siku kumi na moja baada ya daktari kumruhusu. Kila siku aliyozuiwa ilizidisha deni lililomzuia. Mwombe daktari aandike tarehe ya ruhusa na kutia sahihi, kisha piga picha.

2. Andika barua ya kukubali deni. Taja kiasi mnachokubali, mnacholipa leo, na cha kila mwezi. Andika kile mfuko unachoweza. Ahadi kubwa ikivunjika inawaharibia. Shahidi awe mtu anayejulikana, kwa mfano shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa. Wakitaka kitambulisho, kadi ya kura toa kopi, ya asili baki nayo.

3. Wakikataa, mwone msimamizi wa hospitali na umtajie sheria kwa upole. Katiba ya 2006, kifungu cha 17: uhuru wa mtu ndio kanuni, na hakuna anayezuiliwa ila kwa mujibu wa sheria. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu iliingia 1976, kifungu cha 11: mtu hafungwi kwa kushindwa tu kutimiza mapatano. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 67: kumzuilia mtu kiholela kwa nguvu, hila au vitisho ni kifungo cha mwaka 1 hadi 5. Mara nyingi hapa ndipo mlango hufunguka. Usipige kelele, wauguzi si adui zako, wengi wao wanaumia wakiona hivyo.

4. Bado? Mwandikie prokurere, mwendesha mashtaka wa serikali. Nakala mbili, moja irudi kwako na muhuri wa kupokelewa. Huna pesa za avoka, yaani wakili? Ulizia baraza la mawakili ofisi yao ya ushauri wa bure.

Kuruka ukuta usiku, tafadhali, hapana. Nimeona mshono uliofunguka.

5. Ukiitwa polisi kwa deni hilo, nenda na mtu, beba barua yako. Waambie deni ni shauri la madai, na mwenye kudai aende mahakamani. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma.

Ukishatoka, lipa kama ulivyoandika. Kila mara chukua risiti, na nyuma yake mhasibu aandike kilichobaki.