Kukimbia kilomita 5 kipupwe cha Dodoma ukiwa na pumu

Kuanzia Juni hadi Agosti, alfajiri ya Dodoma hushuka mpaka karibu nyuzi 14, na upepo haupumziki. Mwenye pumu huulaumu ubaridi, lakini mchokozi mkubwa ni ukavu. Ukikimbia unahemea mdomoni, hewa haipiti puani ikapata joto na unyevu, njia za hewa zinakauka na kubana. Bado vumbi la pembeni mwa lami. Ndiyo maana mtu anayekimbia Dar es Salaam bila taabu anaweza kubanwa kifua hapa kwa mwendo uleule.

Somo hili ni la aliyekwisha pimwa na ana dawa zake. Ambaye hajapimwa aanzie hospitali.

Hatua ya 1: wiki nne kabla

Inhela, yaani kikopo cha kuvutia dawa, ya kahawia (beklometasoni), au nyingine ya steroidi uliyoandikiwa, ndiyo inayotuliza uvimbe wa njia za hewa. Ivute kila siku hata kifua kikiwa shwari, maana kazi yake huonekana taratibu. Kila ukimaliza, sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni. Wengi huikwepa wakabaki na ya bluu tu. Ya bluu (salbutamoli) inafungua njia, uvimbe inauacha palepale. Ukiona unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, mbali na ile ya kabla ya mazoezi, ahirisha mbio urudi kwa daktari.

Hatua ya 2: andaa chupa ya kuvutia dawa

Ukipuliza inhela moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi huishia kooni. Chupa hupunguza hasara hiyo. Kama ya dukani imekushinda bei, chukua chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, utoboe kitako cha chupa. Inhela iingie ikaze, pasiwe na upenyo. Wewe unavutia kwenye shingo ya chupa. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata chaji ya umeme na dawa hunata ukutani badala ya kufika kifuani.

Hatua ya 3: asubuhi ya mbio

Tuchukulie mbio zinaanza saa 12:30.

Saa 11:50 vuta ya bluu mipulizo miwili. Tikisa, toa pumzi yote, bonyeza mara moja, vuta polepole, shikilia sekunde 10. Subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, rudia. Kama haijatumika siku kadhaa, puliza kwanza miwili hewani. Mikono kutetemeka kidogo au moyo kwenda mbio ni kawaida. Mwenye inhela ya mchanganyiko wa budesonidi na formoteroli afuate alivyoelekezwa na daktari wake.

Saa 12:05 pasha mwili, na hapa usilipue. Tembea dakika 3, jogi dakika 6, kisha kimbia kwa kasi sekunde 30 na kutembea sekunde 45, mara 6. Kwa watu wengi vipande hivyo vya kasi huifanya mirija ya hewa isibane kirahisi kwa saa moja hivi. Kunyoosha viungo umesimama hakuleti faida hiyo.

Skafu nyepesi ipite puani na mdomoni tangu unapotoka nyumbani. Ikilowa jasho na kuzuia pumzi, ishushe.

Hatua ya 4: barabarani

Kilomita ya kwanza iwe pungufu ya kasi yako: anayelenga dakika 30 apite kwa dakika 6 na sekunde 20. Upepo ukikukabili, jifiche nyuma ya mkimbiaji mwingine. Kaa mbali na ukingo ambako bodaboda zinatimua vumbi. Inhela iwe mfukoni mwako, siyo kwenye begi la rafiki.

Kifua kikianza kupiga filimbi, simama. Keti wima, usilale. Vuta ya bluu, kwa chupa kama ipo, mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, usizidi 10. Kama hakuna nafuu, huwezi kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, iliyo karibu, na usiende peke yako.

Hatua ya 5: baada ya mstari

Kubanwa mara nyingi hufikia kilele dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama, mtu akiwa anapiga picha na medali. Tembea dakika 10, vaa sweta, kaa karibu na huduma ya kwanza nusu saa. Kurukia boda na jasho lako ni kujitafutia.

MASWALI YA WANACHAMA

Kocha, shikamoo. Natumia vidonge vya salbutamoli, vinatosha?

Marahaba. Havitoshi. Vinachelewa kufanya kazi na vinatetemesha zaidi. Kwa wanaopimwa dawa michezoni, vidonge hivyo vimekatazwa. Ya kuvuta inaruhusiwa hadi mikrogramu 600 ndani ya saa 8 na 1,600 kwa saa 24. Mpulizo mmoja kwa kawaida ni 100.

Kopo likielea kwenye maji ndiyo limeisha?

Kipimo hicho hakiaminiki, na maji yanaweza kuziba tundu. Hesabu: makopo mengi yana mipulizo 200. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu. Usiliache kwenye dashibodi juani.

Nameza diklofenaki kabla ya mbio kwa ajili ya goti. Kuna ubaya?

Upo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huwabana kifua baadhi ya wenye pumu, na wengine hubanwa vibaya. Muulize daktari kuhusu parasetamoli.

Mwanangu wa darasa la sita anakohoa tu akimaliza kukimbia, hana mlio wowote. Ni pumu?

Inawezekana, mama. Kikohozi baada ya mbio kinaweza kuwa dalili pekee. Apimwe pumzi kabla na baada ya kukimbia. Akipewa inhela, mwalimu wa michezo aende nayo uwanjani. Isifungiwe kabatini ofisini.