Diski ya nje ya 8TB: ijaze kwanza ndipo uiamini

Kwa hifadhi ya nyumbani, diski ya mezani ya inchi 3.5, ile yenye adapta yake ya umeme, kwa kawaida huwa nafuu kuliko ndogo ya inchi 2.5. Gawanya bei kwa idadi ya TB (terabaiti), utaona.

Windows ikionyesha 7.27TB hujaibiwa; kiwanda huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Wizi hasa uko kwenye "SSD" (diski zisizo na sehemu inayozunguka) za 16TB za bei ya kutupa. Ndani mara nyingi ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa itaje ukubwa wa uongo, na faili zinazozidi nafasi halisi hupotea kimyakimya.

Kwa hiyo, kabla muda wa kurudisha dukani haujaisha, fungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayoonyesha hali ya diski, uone saa ilizotumika: diski mpya huwa karibu na sifuri. Kisha endesha programu ya kujaribu diski, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, iijaze yote na kuisoma upya. Kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde, kuandika 8TB ni kama saa 15, na kusoma karibu vilevile. Iache itulie mezani muda wote huo. Kuitikisa ikizunguka kunaweza kuiharibu.