Huyu ni mbung'o au nzi tu? Jinsi ya kumjua kwa picha

Wafugaji wenzangu wa Busia na Namayingo, Uganda, picha zenu nazipokea na nazifurahia sana ila nyingi nashindwa kuzijibu, nzi ameshapondwa au ni kivuli tu, sasa leo tuelewane.

Kwanza mkamate mzima. Mtie kwenye chupa, weka kwenye friji dakika chache, akishapoa mpige picha haraka kabla hajaamka. Pembeni weka rula au sarafu nijue ukubwa.

Pili, na hapa ndipo penyewe, piga kwa juu, mgongoni. Mbung'o (kivu kwa Waganda) akitua mabawa yanalaliana kabisa kama mkasi uliofungwa na yanapita tumbo, nzi wengine wengi wanayaacha yameachana. Halafu vuta picha uangalie katikati ya bawa, kuna kichumba kama shoka, ukikiona hicho basi hakuna ubishi.

Tatu piga ubavuni uone mdomo umechomoza mbele kama sindano, lakini tafadhali usiamue kwa mdomo peke yake maana stomoksi, nzi yule anayeng'ang'ania miguu ya ng'ombe, naye anao hivyohivyo na wengi wanakosea hapo.

Nne ni miguu ya nyuma. Nyayo zikiwa nyeusi zote ni kundi la Glossina fuscipes (Glossina ndilo jina la kisayansi la mbung'o), wa kando ya maji, ndo huyu wa Ziwa Victoria. Weusi ukiwa kwenye vipande viwili vya mwisho tu, ni wa porini kama Glossina pallidipes. Zaidi ya hapo inataka darubini, picha ya simu haitoshi.

Swali: Wangu mkubwa, macho yana mistari inameta.
Huyo ni tabanidi ssebo, nzi mkubwa anayeuma, siyo mbung'o. Ila usimdharau, mdomo wenye damu unaweza kuhamisha nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o.

Swali: Anauma jike tu kama mbu?
Hapana nyabo, dume na jike wote wanakunywa damu.

Swali: Si walisema malale, ule ugonjwa wa usingizi wa mbung'o, yameisha?
WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 walithibitisha ile aina ya gambiense siyo tena tatizo la afya ya jamii Uganda. Ya kwetu huku ni aina nyingine, rhodesiense, inakaa ndani ya ng'ombe wetu, ndo maana nawasumbua na picha.

Swali: Mtego wa bluu umejaa, wote ni mbung'o?
Bluu inavuta hata stomoksi. Wamwage kwenye karatasi nyeupe, piga wote pamoja, halafu wenye mabawa ya mkasi piga mmoja mmoja unitumie.