Kuunganisha C na D bila kupoteza faili

Ukinunua kompyuta ya mtumba pale Ngamiani, Tanga, si ajabu kuikuta na diski ya GB 500 iliyogawanywa mara mbili: C ya GB 100, na D iliyochukua sehemu yote iliyobaki. (Windows itaisoma diski nzima kama GB 465 hivi, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa 1000 na Windows kwa 1024. Hujaibiwa.) Baada ya miezi michache C imejaa, mstari wake umekuwa mwekundu, masasisho yanagoma, na huku D ina nafasi ya kumwaga.

Elewa jambo moja kabla hujagusa chochote. Windows haina kitufe cha kuunganisha patisheni, yaani hivyo vipande vya diski. Kinachofanyika ni kuhamisha vyote vilivyomo D, kukivunja kiambaza kilichopo katikati, kisha kuipanua C. Ukivunja kabla ya kuhamisha, vilivyokuwemo vimekwenda.

Hatua ya 1: Pima afya ya diski

Fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kukagua diski. Tazama mstari wa "Current Pending Sector Count", yaani idadi ya sehemu za diski zinazosomeka kwa shida. Ikiwa tarakimu za upande wa kulia si sufuri tupu, acha kazi hii: nakili faili zako na utafute diski nyingine. Diski mbovu huvumilia kusomwa kidogo kidogo, lakini kazi nzito ya saa kadhaa ndiyo huimaliza.

Hatua ya 2: Nakili D yote kwenye diski ya nje

Diski au flashi ya kupokea iwe na mfumo wa faili wa NTFS au exFAT. FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, na video za harusi huvuka hapo kwa urahisi. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", kisha andika, ukichukulia diski ya nje ni E:

robocopy D:\ E:\AkibaD /E /XJ /R:1 /W:1 /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN"

Ikimaliza, tazama jedwali la mwisho: safu ya FAILED iwe 0. Mara nyingi folda ya AkibaD haionekani baada ya hapo na watu hushtuka. Haijapotea, imerithi hali ya kufichwa kutoka mzizi wa D. Andika attrib -h -s E:\AkibaD nayo itajitokeza. Kisha fungua faili tano sita kutoka folda tofauti, picha, hati na video, uone kweli zinafunguka. Kwa USB 2.0 inayokwenda MB 30 kwa sekunde, GB 100 huchukua karibu saa nzima, basi panga muda.

Hakikisha pia hakuna programu iliyosakinishwa D. Kama ipo, iondoe uje kuisakinisha upya. Kama folda ya Documents ilihamishiwa D, ibofye kulia, ingia Properties, Location, halafu Restore Default.

Hatua ya 3: Umeme na BitLocker

Laputopu iwe imejaa chaji na chaja imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Masika, wingu likishafunga upande wa bahari, ahirisha. Kama BitLocker (kinga ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo) inafanya kazi, andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, kisha bonyeza "Suspend protection".

Hatua ya 4: Vunja D, panua C

Bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc. Soma ukubwa wa kila kisanduku, usitegemee herufi peke yake. Bofya kulia D, chagua Delete Volume. Mahali pake patakuwa na mstari mweusi ulioandikwa Unallocated. Bofya kulia C, Extend Volume, Next mpaka Finish. Kazi yenyewe ni ya sekunde chache.

Extend Volume ikiwa imefifia, tatizo karibu kila mara ni mahali ilipo nafasi tupu, maana Windows hupanua kuelekea kulia tu, na nafasi tupu lazima iguse C. Angalia mambo mawili.

Kwanza, rangi. Diski za MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski) huweza kuiweka D ndani ya fremu ya kijani. Ukiifuta, panaandikwa Free space kwa kijani, si Unallocated kwa nyeusi. Kama ndani ya fremu hiyo hamna patisheni nyingine, bofya kulia hapo, Delete Partition. Sasa C itakubali.

Pili, kijipatisheni cha Recovery (cha kuifufulia Windows) kilichokaa kati ya C na nafasi tupu. Andika reagentc /disable, kisha diskpart, list disk, select disk yenye namba yako, list partition, select partition ya Recovery, na delete partition override. Hiyo override haiulizi mara mbili, kwa hiyo linganisha ukubwa kabla ya Enter. Ile ya mwanzoni iliyoandikwa System (EFI) usiiguse kabisa, kompyuta haitawaka. Ukishaipanua C, rudisha kwa reagentc /enable.

Windows ikikuuliza kama igeuze diski kuwa dynamic, jibu No. Kurudi nyuma kutoka huko ni usumbufu mkubwa.

Kama unataka kupunguza tu

Ikiwa unataka D ibaki ila ndogo, Shrink Volume kwenye D haisaidii C, kwa kuwa nafasi huachwa kulia kwa D. Utahitaji kuisogeza D kwa GParted, programu ya kugawa diski, iliyowashwa kutoka flashi. Zima kwanza Windows kwa shutdown /s /t 0, la sivyo itaacha NTFS imefungwa nusu na GParted itakataa. Kusogeza ni kuhamisha kila baiti. Huweza kuchukua saa nyingi, na kukatizwa katikati ndiko kunakoharibu. Nakala ya hatua ya 2 ni lazima hapa pia.

Kipimo cha Shrink ni MB: GB 50 ni 51200. Shrink kwenye C ikikupa nafasi ndogo kuliko unavyotarajia, kuna faili zisizosogezeka; powercfg /h off huondoa mojawapo, hiberfil.sys.

Mwisho endesha chkdsk C: /scan, rudisha faili kutoka AkibaD, na nakala ya nje ibakize wiki mbili hivi kabla ya kuifuta.